Soya ya Baba Mkwe

Nimepika maisha yangu yote, na sijawahi kumwogopa mlaji yeyote isipokuwa mmoja, baba mkwe wangu. Hakuwa mkali. Nilimwogopa kwa sababu sikuruhusiwa kumtazama usoni, na mtu usiyemwona uso anapokula, utajuaje kama chakula kimempendeza? Unangoja bakuli lirudi. Likirudi tupu, umepona. Likirudi na kitu, usiku huo usingizi huupati.

Niliolewa Itetemia nikitokea Puge, enzi za Mwingereza, nikiwa msichana mwenye mikono ya kazi na mdomo usiofungika. Shule yangu ilikuwa mafundisho ya ubatizo tu. Nilijua kusoma sala na kuandika jina langu, basi. Lakini kupika nilijua. Mama yangu alinifundisha kwa mwiko, na mwiko huo haukukaa chunguni peke yake, mgongoni kwangu pia ulifika. Kwa hiyo nilipoingia kwenye lile jiko la Itetemia sikutetemeka.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe ilishafunikwa na majani, reli iliiua zamani, ila pale ilipopita ardhi ilikuwa imebonyea kwa miguu ya watu waliokufa kabla sijazaliwa. Baba mkwe aliipita ujanani mwake akiwa mpagazi. Wengine walibeba pembe, wengine vitambaa. Yeye alibeba chumvi kutoka Uvinza mpaka Tabora, na bega lake la kulia lilikuwa na kinundu kigumu kama goti la ngamia. Alipenda kuwaambia vijana, "Ninyi mnaolamba vidole baada ya kula, lishukuruni bega hili. Baba zenu walikuwa wanakula majani matupu."

Heshima ya mkwe kwetu haikuwa mchezo. Nikimwona anakuja nilitoka njiani, nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikasema, "Mwangaluka, baba." Naye aliitikia bila kusimama. Akiwa na neno nami alimtuma shangazi, dada yake, mjane aliyekaa nasi. Huyo shangazi alikuwa na ulimi wa kumenyea viazi.

Sasa sikilizeni jambo hili. Watu wanadhani mkamwana anayeinama haoni kitu. Mimi niliona kuliko wote! Wao walimtazama usoni, wakaona mzee anayezeeka. Mimi kila siku nilitazama miguu, na ni miguu iliyoniambia. Siku moja baada ya mvua kwisha niliona ukanda wa kubazi umezama kwenye nyama ya mguu wake kama uzi uliofungwa kwenye unga wa mkate. Kesho yake ukazama zaidi. Nikamwambia mume wangu, "Baba yako anajaa maji."

"Amenenepa," akasema.

"Mtu hanenepi miguu peke yake. Mpeleke hospitali."

Akampakia kwenye baiskeli, wakaenda mjini. Waliporudi mume wangu alikuwa amenywea. Dresa wa hospitali, yaani msaidizi wa daktari, alichukua mkojo wa mzee, akautia kwenye kichupa chembamba, akauchemsha juu ya moto wa spiriti. Mkojo ukaganda ukawa mweupe, kama ute wa yai unapoingia kwenye mafuta.

"Mkojo wa mtu mzima umeganda mbele ya macho yangu," mume wangu akasema. "Amesema ni mafigo. Hayataweza kurudi kama zamani, ila yanaweza kuchelewa kufa. Anataka kumwona mpishi."

Mpishi nilikuwa mimi. Nikaenda mjini kwa miguu, nikiwa nimevaa kanga mpya, maana sikutaka mtu wa mjini aone mtu wa shamba. Dresa alikuwa mtu wa Kanyenye, mtaa wa pale mjini, Mwislamu mwenye kofia safi na maneno machache. Nikamwamkia, akaitikia, akaniketisha.

"Mama, mafigo ni wapagazi," akasema. "Ya mzee wako yamebeba sana, yamechoka. Kazi yako ni kuyapunguzia mzigo. Chumvi usitie kabisa. Samaki wa chumvi wa Ujiji hapana. Nyama kidogo sana, siku mojamoja."

"Na asipokula nyama, atakula nini cha kumpa nguvu? Majivu?"

Akacheka. "Mmegawiwa ile mbegu ya soya na bwana shamba?"

"Tumegawiwa. Tunawapa kuku."

"Basi kuku wenu wana akili. Mpikie hiyo mahali pa nyama. Kipimo ni kikombe kimoja cha chai kwa siku, kisizidi, maana nayo ni mzigo, ila mzigo mwepesi kuliko nyama. Na kila mwezi mleteni nimpime."

Nikatoka pale nimevimba kichwa. Misioni kulikuwa na mama aliyewapikia masista, naye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuipika: uiloweke tangu jioni, asubuhi uifikiche mpaka ngozi itoke, umwage maji, uichemshe muda mrefu, kisha uiponde kidogo. Ukiipika kama maharage, aliniambia, itakaa tumboni inakulaani mpaka kesho.

Shida haikuwa kupika. Shida ilikuwa mahali pa kulia.

Pale kwetu mwanamume hakula nyumbani kwake kama kuku kwenye tundu. Wanaume wa nyumba za jirani walikula pamoja kwenye kibanda chao, tulichokiita iwanza. Kila mke alipeleka ugali na bakuli la mboga, vikawekwa katikati, na kila mkono uliingia kila bakuli. Kwa hiyo mboga yako haikuwa siri. Ikiwa mbovu, ukoo mzima ulijua kabla jua halijazama. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya ua wa matete, tukijifanya tunachambua mboga za majani, masikio yakiwa yamesimama kama ya sungura.

Siku ya kwanza nilipopeleka soya isiyo na chumvi nilisikia mtu akichovya na kutafuna. Halafu nikasikia sauti ya mtani wa baba mkwe, mzee wa Kigogo aliyekuja na reli akaoa hapo hapo. Zamani Wagogo walikuwa wakitoza misafara hongo kabla ya kuiruhusu kupita, na utani wao na Wanyamwezi haukuisha.

"Mboga hii imepita Ugogo bila kulipa hongo!" akapiga kelele. "Imenyang'anywa kila kitu njiani, imefika uchi!"

Wakacheka wote. Kicheko cha wanaume wenye njaa ni kibaya kuliko matusi. Nikamsikia baba mkwe anasema, polepole, "Nilibeba chumvi begani mpaka bega likaota goti. Leo nikatazwe kuitia mdomoni?" Akasukuma bakuli, akachovya ugali wake kwenye mboga ya nyumba nyingine. Samaki wa chumvi. Nilisikia harufu yake mpaka pale uani.

Bakuli langu lilirudi limejaa. Shangazi alilileta akiwa amelishika kwa vidole viwili.

"Mkamwana," akasema, "unajua maana ya bakuli kurudi hivi?"

"Najua, shangazi."

"Mimi nitakuambia hata kama unajua. Likirudi mara ya tatu, unafunga mzigo wako unarudi Puge. Baba mkwe halishwi kama mfungwa."

"Na akifa kwa chumvi, mimi nitakuwa nimebaki hapa namlisha nani?"

"Mdomo wako huo," akasema shangazi, "ndio ulipaswa kutiwa mbogani. Una chumvi ya kutosha!"

Nilicheka, lakini usiku nililia kidogo. Sikulia kwa ajili ya Puge. Puge kwetu kuzuri, na mama yangu angenipokea. Nililia kwa sababu nilimpenda yule mzee ambaye sijamwona uso. Nitawaambia kwa nini. Kila mwanamke wa pale aliyepigwa na mumewe alikimbilia kwake. Hakuwa na cheo, lakini alikuwa akisimama mlangoni na kumwambia mume, "Mimi nilibeba mzigo wa mtu mzima tangu Uvinza, sikuuangusha hata mara moja. Wewe mke mmoja umeshindwa kumbeba vizuri?" Na mume aliondoka na aibu yake. Mtu kama huyo hafi kwa sababu ya samaki. Mimi nilikataa.

Nikarudi jikoni na akili yangu yote. Kwanza, kitunguu, nikakikaanga mpaka kikawa rangi ya asali. Kitunguu saumu nikakitwanga. Pilipili kichaa mbichi, si nyingi, kiasi cha kumshtua mzee asiulize chumvi iko wapi. Mwisho kabisa, sufuria ikishaepuliwa, nikakamulia limau. Hapo ndipo siri ilipo: limau likitiwa mapema linapotea, likitiwa mwisho linadanganya ulimi. Nikaionja. Jamani, mimi mwenyewe ningejioa!

Bakuli likarudi nusu. Nusu! Nikalibusu.

Lakini miguu haikupungua. Kila asubuhi nilipiga magoti, nikautazama ule ukanda, na ukanda ulikuwa bado umezama. Mwezi ulipofika mume wangu akampeleka tena, mkojo ukaganda kama kwanza. Safari hii dresa akaniita tena, akanitaka nieleze ninavyopika, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka.

"Naloweka, nafikicha, nachemsha na magadi kidogo ili ilainike…"

"Na nini?"

"Magadi. Shangazi ndiye anayeyatia. Nani anachemsha kunde ngumu bila magadi? Kuni zitakwisha."

Dresa akashika paji la uso. "Mama, magadi ni pacha wa chumvi. Umemfukuza mmoja mlangoni, mwingine amepita dirishani."

Nikarudi nyumbani kwa hasira ya barabara nzima. Shangazi nilimkuta anapeta mpunga. Nikamwambia. Akaacha kupeta.

"Magadi?" akasema. "Mama yangu alitia magadi. Bibi yangu alitia magadi."

"Mafigo ya bibi yako hayakuwa yamechoka."

Shangazi akauweka ungo chini. Halafu akainuka, akakichukua kile kifuko cha magadi kilichoning'inia juu ya moto, akakipeleka chumbani kwake. "Basi tutakata kuni nyingi," akasema. "Wewe utakata." Kuanzia hapo nilikata kuni, na yeye alikaa mbele ya chungu akichochea, kwa sababu hakutaka mtu mwingine amuue kaka yake isipokuwa Mungu.

Bado kulibaki mabakuli ya nyumba nyingine. Mimi naweza kupika bila chumvi mpaka mwisho wa dunia, kama jirani anapeleka samaki wa Ujiji pale pale, mkono wa mzee utaenda wapi? Kumtenga asile na wenzake haikuwezekana. Mwanamume anayekula peke yake ni mchawi au mgonjwa wa kufa, na yeye alikataa kuitwa kimojawapo.

Siku moja tukiteka maji nikawasimamisha wanawake kisimani.

"Mboga zote za iwanza," nikasema, "zipikwe bila chumvi. Chumvi iwekwe kando kwenye kibuyu kidogo. Anayetaka atachukua, ajinyunyizie."

Wakapiga vigelegele vya dhihaka. "Mkamwana wa Puge amepata wazimu!"

"Waume zetu wale kama mbuzi?"

"Mbuzi analamba chumvi, mwenzangu. Afadhali mbuzi!"

Mmoja, mke wa fundi wa majembe, akasema kwa sauti ndogo, "Mume wangu akionja mboga yangu haina chumvi, atanipiga."

"Akikupiga," nikamwuliza, "utakimbilia kwa nani?"

Kicheko kikakatika. Wote walijua angekimbilia kwa nani. Nikawaacha wafikirie wenyewe, nikajitwisha mtungi wangu. Sikuwa nimefika mbali nikamsikia huyo huyo mke wa fundi anauliza, "Hicho kibuyu cha chumvi, nani atakitoa?"

"Mimi!" nikajibu bila kugeuka, maana mtungi ulikuwa umejaa.

Siku tuliyopatana ilipofika tulikuwa nyuma ya ua, wanawake wote, tumebanana. Hata shangazi alikuja, akasema amekuja kutafuta jivu. Mabakuli yakaingia. Mkono wa kwanza ukachovya, halafu wa pili.

"Hee! Na hii pia haina!"

"Na hii!"

"Wake zetu wamekula njama!"

Mtani Mgogo akasimama. "Ndugu zangu Wanyamwezi, leo hongo imewakamata wote. Babu zangu wamefurahi huko waliko." Halafu akakiona kile kibuyu. "Aa. Kumbe ushuru wenyewe uko hapa. Kila mtu anajitoza mwenyewe."

Kibuyu kikazunguka. Tulisikia mchanga wa chumvi ukisugua vidole. Mtu mmoja akanyunyizia mno, akakohoa, wakamcheka. Kikafika kwa baba mkwe, na sisi nyuma ya matete tukaacha kupumua. Mimi nilishika mkono wa shangazi bila kujua; yeye alijua, hakuutoa.

"Hii ni ya Uvinza?" tukamsikia mzee anauliza.

"Ya dukani kwa Mhindi," mtu akamjibu. "Siku hizi nani anabeba?"

Nadhani alikinusa. "Chumvi ya dukani," akasema, "haina jasho la mtu. Siihitaji." Akakipitisha kwa jirani yake. "Nipeni ile mboga ya mkamwana yenye limau. Ile mbaya."

Bakuli lilirudi limefutwa kwa ugali mpaka udongo unang'aa. Shangazi alinipa kwa mikono miwili. Mimi nikaliogesha kwa machozi kisha nikaliosha kwa maji.

Sisemi soya ilimponya. Msiende kusema bibi alisema soya ni dawa ya figo. Dresa aliniambia hivyo tangu mwanzo: hakuna kupona, kuna kuchelewesha. Lakini kabla ya mvua nyingine kuanza, nilipopiga magoti njiani, ukanda wa kubazi ulikuwa umelala juu ya ngozi kama unavyotakiwa kulala, na mkojo ulipochemshwa uliganda kidogo tu, kama ukungu kwenye kikombe. Uvimbe wa uso ulipungua pia, waliniambia wengine. Akaanza tena kutembea mpaka shambani, akaanza tena kusimama milangoni mwa watu kuwasema waume. Na iwanza ile haikurudi kwenye desturi ya zamani. Kibuyu cha chumvi kilikaa katikati miaka na miaka, hata vijana waliozaliwa baadaye walidhani ndivyo wanaume wanavyokula tangu Adamu.

Soya tuliyowapa kuku tukaanza kuilima yenyewe, kipande kizuri karibu na mihogo. Msimu uliofuata ilizaa mpaka maganda yakawa yanapasuka yenyewe juani, tatata, kama mtu anayetafuna bisi. Wanawake wa kisimani wakaanza kuja kuomba mbegu. Kila mmoja alisema ni ya kuku. Nikawapa. Sikuuliza ni kuku gani anayehitaji limau.

Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya kihenge, lile ghala letu la kusukwa kwa fito, nikiziba tundu la panya kwa udongo. Shangazi alikuwa ameenda kanisani, mume wangu shambani. Nikasikia hatua zikija upande wa pili. Nikazijua. Sikuwa na pa kukimbilia wala mahali pa kupigia magoti, nimejaa udongo mpaka viwikoni. Naye hakuwa na mtu wa kumtuma. Akakohoa.

"Wewe kihenge," akasema baba mkwe, "mwambie mkamwana wangu asigawe mbegu zote. Na mimi nakula."

Nikauweka udongo chini, nikakitazama kihenge. "Kihenge," nikasema, "mwambie baba, zake nimeshazitenga, ziko kwenye chungu chenye kifuniko."

Nikadhani ameondoka. Kumbe alikuwa anatafuta namna.

"Tena kihenge, mwambie jana limau lilipungua."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, jambo ambalo mkamwana hafanyi mbele ya baba mkwe, na upande wa pili wa fito nikasikia naye anajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa.

"Kihenge," nikasema nilipopata pumzi, "mwambie leo nitakamua mawili."